Wadudu wa Kibaraza cha Wageni

"Sisimizi," alisema Ay Muluka, akalivuta vazi lake kama mtu aliyekalishwa jalalani.

Ay, kama Harar inavyowaita akina mama watu wazima, hakuwa amemaliza hata kikombe cha kwanza. Alikuja kumposa Nejat, binti wa Sittina, kwa ajili ya mwanawe. Na kwa watu wa aina yake, kuzuru nyumba ni kuikagua. Alikwisha kuvibeza vikapu vya ukutani kwa kupauka, na chai ya majani ya mbuni kwa uchache wa maziwa.

"Tena nasikia huyu anasoma chuo," alikuwa amesema. "Kwetu ataacha. Atafute nini vitabuni, na mume yupo?"

Nejat ndiye aliyetandika kitambaa cheupe juu ya kibaraza cha wageni na kumwekea Ay Muluka mto kwa mkono wake. Mamaye, Sittina, alikuwa akiomba tangu alfajiri posa hii itimie. Zulia lililokunjwa juu ya mlango, ishara kwa Harar nzima kwamba nyumbani mna mwali, lilikuwa limeshika vumbi, na majirani wameanza kulitazama.

Sasa vijidudu vilitambaa juu ya weupe ule, vyembamba viunoni, vidogo kama punje za ufuta.

"Si sisimizi, Ay," Nejat alisema kwa upole. "Ni mbawakawa. Hukaa penye majani makavu. Hawaumi."

"Alaa. Kumbe mnajuana nao mpaka ukoo." Ay Muluka alicheka puani. "Dada Sittina, zulia lako limekaa hapo juu hata limezaa. Wajukuu wa namna hii siwataki."

"Keti kidogo, Ay, tupanguse."

"Pangusa nikishatoka."

Akavaa viatu, akaondoka bila kuaga. Hata harufu ya udi wake ilibaki ikiwadharau.

Sittina alijifunika uso kwa mtandio. "Na wale wanaokuja kuposa Ijumaa, mwanangu? Nao wakiwaona?"

Nejat alikuwa amepiga magoti, akiwasukuma wadudu mmoja mmoja kwa unyoya, wasiumie, mpaka ndani ya kikopo chenye majani makavu ya mbuni. Akakifunika, akakirudisha chini ya mto wa mgeni.

"Watawaona, mama."