Siri Yako Italindwa

Duke alikuwa bado anatafuna samaki alipozabwa kofi la kwanza.

"Omera, ndugu yangu, nimekukosea wapi?" Cephas alimuuliza, simu mkononi. "Nakulisha, nakuvisha, halafu unaniripoti kwa tovuti?"

"Boss, mimi? Haki ya Mungu, hata hiyo tovuti siijui!"

"Jina lako liko hapa. Namba yako iko hapa. Ni mzimu ameandika?"

Kweli vilikuwepo. Tovuti ya manispaa ya Nyarombe ilikuwa kama choo cha soko: kila mtu alijua imeharibika na hakuna aliyeona kuitengeneza ni kazi yake. Matangazo ya kamari yalikuwa yameota juu ya ratiba ya mikutano ya mwaka juzi. Ukurasa wa malalamiko peke yake ndio uliofanya kazi. Ungeandika jina, namba na shida yako, na papo hapo ungejibiwa: "Asante. Siri yako italindwa."

Siri yenyewe ilikaa wazi, bila nenosiri, kwa yeyote aliyejua pa kubonyeza. Cephas alionyeshwa na Mheshimiwa, mwakilishi wa wadi aliyempa zabuni ya kujenga zahanati.

"Mimi huisoma kila asubuhi kabla ya chai," Mheshimiwa alimwambia. "Na wewe usome. Lalamiko moja likifika Nairobi tunalala ndani. Mtu akitaka kutuchoma, tumchome kwanza."

Wa kwanza kuchomwa alikuwa nyar Uriri. Ndivyo Bathsheba alivyoitwa huko Rusinga alikoolewa, kwa kuwa ni binti wa Uriri. Ukuta wa zahanati ulimwangukia mumewe, fundi wa mawe aliyekuwa akimsimulia mambo yote ya mjengo, ukamuua. Mjane akaenda kwenye tovuti akaandika kwamba ukuta ule ulikuwa mchanga mtupu, ulimeguka kama biskuti kwenye chai.

Wiki hiyohiyo Duke, akitumwa na Cephas, alifika kwake na petroli. "Sasa tuone kama hata hii nyumba yako ni biskuti kwenye chai," akasema, akacheka, akawasha. Mtu wa kumfanyia mjane hivyo hana hata aibu ya mbwa.

Bathsheba hakupiga kelele. Alimtazama tu Duke mdomo, uliotamka maneno aliyoyaandika yeye kwenye tovuti. Kisha akaliacha kaburi la mumewe, akarudi kwao.

Cephas aliona yamekwisha, na sasa haya. Lalamiko la Duke lilieleza jinsi saruji ya zahanati ilivyopakiwa kwenye lori usiku kupelekwa Migori, na hayo aliyajua tu mtu wa mjengo. Duke alilia, akapiga magoti. Alifukuzwa vivyo hivyo, na pikipiki aliyopewa ikachukuliwa.

Mwezi haukuisha, likaja lalamiko lenye jina la Elkanah, injinia aliyetia sahihi kwamba ukuta ni imara.

"Cephas, fikiria basi," Elkanah alimsihi kwenye hoteli moja ya Mbita. "Kweli mimi naweza kujishtaki?"

"Unataka kuwa shahidi, kesi ibaki yangu."

"Nani amekuroga?"

Cephas aliinuka akaondoka. Alimtumia mkubwa wa Elkanah picha za bahasha za hongo zikiingia mkononi mwake, na injinia akasimamishwa kazi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Cephas alimwambia mkewe, akijiona mjanja. Basi akaendelea kujivua nguo, moja baada ya nyingine, mpaka akabaki yeye na Mheshimiwa.

Jumatatu asubuhi aliufungua tena ukurasa ule. Palikuwa na lalamiko jipya, refu kuliko yote. Lilimtaja Mheshimiwa kwa jina, lori lake, na jumba lake la Migori lililosimama kwa saruji ya zahanati. Cephas aliteremka hadi chini ya ukurasa kumtafuta msaliti.

Akalisoma jina. Akalisoma tena. Lilikuwa lake yeye, na namba yake, ileile iliyoandikwa kwenye bango la mjengo.

Simu ikaita mkononi mwake.

"Cephas, ndugu yangu," Mheshimiwa alisema kwa upole. "Leo hata chai imenishinda."

"Mheshimiwa, ngoja nikueleze! Haki ya Mungu, si mimi!"

"Ni mzimu ameandika? Toka tu nje. Vijana wangu wako kwa gate."

Jioni iliyotangulia, katika saiba moja, duka la intaneti karibu na soko la Uriri, Bathsheba, mkononi akiwa na simu ya marehemu mumewe yenye namba za watu wa mjengo, alikuwa amebonyeza kitufe cha kutuma. "Asante," tovuti ilimjibu kwa mara ya nne. "Siri yako italindwa."