Pigo la Maître Antoine

"Tena haiko ile!" Stanislas alifunga akordeoni kwa hasira. "Nono, unapiga sawa muntu anabisha ku mulango!"

Nono aliondoa kiganja kwenye ubao wa kontrabasi, fidla ile kubwa ya besi. Kilikuwa kinawaka moto.

Jioni hiyo walikuwa watatu tu katika ukumbi wa parokia, huko Kamalondo: Stanislas, Nono, na Sephora mwenye fidla. Jumapili, baada ya misa ya kumkumbuka marehemu mwalimu wao, Maître Antoine, wangepiga muziki wake wa tango mbele ya mjane wake, Mama Agnès.

Ni tango isiyo na maneno. Kontrabasi hutembea kwa hatua nzito, akordeoni huvuta pumzi, fidla hulalamika juu yao. Halafu, katikati, bila onyo, kila kitu hukatika. Poo! Pigo moja. Kimya kirefu. Kisha fidla hurudi peke yake, kwa woga.

Karatasi za muziki zililiwa na mchwa. Kilichobaki ni sauti tu. Mama Agnès aliinasa kwa simu, humu humu ukumbini, jioni moja ya mvua, Maître akipiga na rafiki zake wawili.

"Ile pigo njo roho ya tango," Stanislas alisema. "Mama Agnès asipoisikia, ni sawa tunamuzika bwana yake mara ya pili."

"Papa Stanis, pengine siku ile mbuzi iliingia humu mu salle."

Sephora aliangua kicheko. Stanislas hakucheka.

"Mbuzi ni weye! Mara ya mwisho sasa. Ukikosa, kontrabasi naipa mwenzako Mwape."

Nono aliivuta kontrabasi karibu. Maître mwenyewe ndiye aliyemwachia kontrabasi hiyo. Nono alikwisha kujaribu kiganja, ngumi, hata kisigino cha kiatu. Kila mara Stanislas alitikisa kichwa.

Mvua ilianza kugonga mabati. Stanislas alifumba macho, maana hakuwahi kupiga tango hiyo akiwa ameyafumbua, akaomba kwa sauti:

"Bwana, siye tumeshindwa. Utuonyeshe weye mwenyewe. Amina."

Wakaanza. Hatua, pumzi, malalamiko. Walipokaribia mahali pale, fidla ilikatika mapema kidogo, na kontrabasi nayo. Stanislas akaizuia akordeoni.

Poo!

Kimya kikaja, kirefu, kizito, kile kile cha kwenye simu. Kisha fidla ikarudi peke yake, kwa woga.

"Alleluia!" Machozi yalimtoka Stanislas, macho yangali yamefumbwa. "Njo ile! Njo ile yenyewe! Nono, mutoto yangu, umepiga na nini?"

"Haiko mimi, Papa," Nono alijibu kutoka gizani. "Courant imekatika. Nilikuwa natafuta torche, kiti ikaanguka."