Sanamu ya Kona ya Mto

Kichwa cha marehemu kilikuwa juu ya dawati, kimefunikwa gunia bichi. Mchonga sanamu alipoliondoa, watu waliojaa darasani walirudi nyuma. Nje, mto ulikuwa unanguruma tangu mvua ya asubuhi.

"Ni udongo tu, jamani. Msiogope."

Wanakijiji walikuwa wamepanga naye kila kitu kuhusu njia ya matembezi kando ya mto: ipite wapi, viti viwekwe wapi, sanamu zipi zisimame. Pale kwenye kona, walisema, awekwe fundi seremala aliyechukuliwa na maji mwaka jana. Mwili haukuonekana. Picha yake pekee ilikuwa imefifia, kwa hiyo mchongaji aliwaomba waliomjua waje, wafumbe macho, waufinyange udongo, waiache mikono ikumbuke.

"Pua gani hiyo? Hiyo ya babu yako!" mtu alimtania muuza mkaa. Wakacheka, lakini si kwa muda mrefu.

Mama wa fundi alikaa mbele. Alikuwa amepofuka zamani, na hakuwa na kaburi la kulilia.

"Mkimaliza nitamshika," alisema. "Nimuage mwanangu. Nitamshukuru Mungu, basi."

Mjane alipoitwa, alirudi nyuma hadi ukutani.

"Mimi sigusi."

"Ni mumeo, mkwe wangu."

"Nisamehe, mama. Siwezi."

"Ana lake huyo," alisema mwanamke mmoja, bila hata kushusha sauti. "Tangu siku ile hajakanyaga mtoni."

Watu wakageuka kumtazama mjane. Muuza mkaa akasogea, akasimama mlangoni kama anayemzibia njia.

Mdogo wake fundi aliinuka. Ndiye aliyelia kuliko wote, ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuomba kona ile iwe ya kaka yake.

"Mwacheni shemeji," alisema. "Nitafanya mimi."

Akalowesha mikono, akafumba macho. Vidole vilipita kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye taya. Sura ilikuwa inakuja, fundi mwenyewe, utadhani atafungua kinywa. Machozi yalimtiririka kijana yule, naye hakuyafuta. Mwisho mikono yake ikazunguka kisogo, ikakaa huko, ikifanya kazi polepole.

"Tayari, mama," alisema.

Mama aliongozwa hadi kwenye dawati. Akashika paji, akatabasamu.

"Ndiye. Ee Mungu wangu, ndiye huyu."

Midomo yake ikawa inacheza kwa sala isiyosikika. Vidole vikapita masikioni, vikaenda nyuma, kisogoni. Hapo kidole gumba chake kikazama chote ndani ya shimo.

Akalipapasa tena, ukingo hadi ukingo. Sala ikakoma.

"Mwanangu," alimwita yule mdogo, kwa sauti ya upole, "ulimpiga na nini?"