Mke wa Myunani

Lori lilipoanza kutoka Makambako, Mika alivua koti, akalikunja na kulikalia, ingawa baridi ya asubuhi ilimpenya mpaka mifupani. Koti halikuwa lake. Lilikuwa la Filemoni, rafiki yake, aliyemwomba kabla ya kukata roho alifikishe kwa mkewe Njombe pamoja na habari za kifo chake. Mika alimzika, akaapa kuondoka wiki ileile. Badala yake alilivaa koti miaka miwili, hukohuko kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, mpaka viwiko vikatoboka.

Kila alipotaka kufunga safari, alimwona akilini mke wa Filemoni akitoka nje kumpokea mgeni, akitabasamu. Hapo moyo ulimwisha, akatia kidole gumba kwenye mkataba mwingine.

Lori lilibeba wanakwaya waliokuwa wakirudi Njombe kutoka kwenye mkutano wa kanisa. Hawakumaliza kilima cha kwanza kabla ya kuanza kuimba:

*Mchana afuma, usiku afumua,*
*wachumba mlangoni, mkeka haujaisha.*
*Bahari imemmeza, bahari itamtapika;*
*mama, tandika kitanda, mwenyewe yu njiani.*

Mika akamgeukia mwalimu wao, mtu mwembamba aliyeitwa Efraimu.

“Mwalimu, huyo mama ana wazimu? Mbona anafumua mkeka wake mwenyewe?”

Wanakwaya wakacheka. Mmoja alisema bibi yake anaamini ni wimbo wa mchawi. Mwingine akasema kuna mzee wa kanisa anayefundisha kwamba mkeka ni toba: mchana tunatubu, usiku tunarudia yaleyale.

“Wote wamekosea,” Efraimu alisema. “Ni hadithi ya Wayunani.”

“Wayunani wa Mtume Paulo?”

“Haohao, ila zamani kabla ya Paulo. Mume alikwenda vitani, kama vijana wetu walivyopelekwa Bama kupigana na Wajapani, na miaka ishirini hakurudi. Wanaume wakajaa uani wakimtaka mkewe. Akawaambia, ngojeni kwanza nimalize kufuma. Basi usiku akawa anafumua. Niliisoma chuoni, nikaitungia wimbo kwa sababu hata sisi tunaye mmoja kama huyo.”

“Nani?”

“Mama Idda. Dorika ndilo jina lake. Mume alikwenda mkonge, hajarudi. Shemeji yake, Tarsis, anataka kumrithi, yeye na watoto na shamba. Wazee wa ukoo wamemkatalia. Wamemwambia, maadamu hakuna habari ya msiba, huyo bado ni mke wa kaka yako. Basi mama wa watu anangoja. Kijiji kizima tunangoja naye.”

Mika aliinamisha kichwa. Vumbi la barabara lilimjaa kinywani, wala hakulitema.

“Na yule Myunani,” aliuliza, “alirudi?”

“Alirudi!” wanakwaya waliitikia kwa pamoja, kwa furaha, kana kwamba walikuwa wamemwona akishuka.

Mwalimu alimtazama. “Na wewe, ndugu yangu, unatokea wapi?”

“Bulongwa,” Mika alijibu. Huko ndiko alikozaliwa. Aliona uso wake ukiwaka moto, akageukia upande wa pili.

Wakaimba tena, mara hii kwa sauti zote nne. Walikuwa wakimwimbia mfu, na katika lori lile zima yeye peke yake alilijua hilo.

Njombe alishuka wa mwisho. Alingoja kwaya itawanyike, ndipo akauliza njia.

Alimkuta Dorika uani akipukuchua mahindi. Mwanamume mmoja mnene alikuwa akikaza miti ya uzio, akikagua kila mti kama mwenye mali.

“Karibu, mgeni,” mwanamume alisema. “Mimi ni Tarsis. Mikono hiyo ni ya mkonge, naijua. Umemwona kaka yangu huko? Filemoni?”

Mika alitazama ile miti ya uzio. “Nina salamu,” alisema, “za mwenye nyumba.”

Dorika alikuwa akilitazama koti lililokunjwa kwapani mwake. Alikung’uta khanga, akasimama taratibu.

“Kamwene, mgeni. Ingia ndani unywe uji. Shemeji, tupishe kidogo.”

Ndani, Mika hakukaa. Alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mtu mzima, akaliweka koti mbele ya miguu ya yule mama kama mwizi aliyekamatwa akirudisha alichoiba.

“Mama, nisamehe. Nilipaswa kuja miaka miwili iliyopita. Niliogopa. Nimekuacha ungoje, mpaka watu wakakutungia wimbo. Wanaimba kwa sababu ya uoga wangu. Wanamwimbia mtu ambaye…” Alilisogeza koti karibu zaidi. “Mama, Filemoni ali…”

Kiganja cha Dorika kilimziba mdomo. Kilikuwa kikavu na chenye nguvu.

“Polepole,” alinong’ona. “Najua. Alikufa kwa homa, mkamzika hukohuko. Mwenzenu mmoja alipita hapa mwaka juzi akaniambia. Nilimwomba aende zake na anyamaze, kama ninavyokuomba wewe sasa.”

Alilisukuma koti chini kabisa ya kitanda. Akajipangusa uso, akafungua mlango wazi, na sauti yake ikafika mpaka barabarani:

“Shemeji, njoo usikie! Kaka yako anatusalimu!”