Bei ya Bunduki ya Bwana Hubert

Asubuhi ile tena, nyayo za chui zilikuwa mu tope karibu na kiraro cha Mama Verdiane, na ndama mwingine hakuonekana. Karangwa, kaka yake, njo alikuwa wa kwanza kuziona, kama kila mara. Alipiga magoti, akapima moja na kiganja chake, akatikisa kichwa.

"Ni mukubwa," alisema. "Na hana haraka. Anajua hapa hakuna muntu wa kumupiga."

Ilikuwa kweli. Kilima kizima, kule juu Masisi, kilikuwa na bunduki moja tu, na hiyo ilikuwa ya Bwana Hubert. Administrateur alikataza muntu mweusi kuwa na bunduki, lakini chui hakumukataza kula. Wakubwa wa serikali njo walikuwa vile. Ni wao pia walikamata kilima pamoja na chemchemi yake, wakamupa Hubert alime maua ya piretri, wakamuacha azungushe waya. Tangu siku ile ngombe za watu zilikuwa zinashuka mpaka bondeni kutafuta maji, na wakati wa jua kali zingine zilikuwa zinabaki mu njia.

Sasa mvua ya mawe ilikuwa imemaliza maua. Hubert alitaka kurudi kwao Ulaya, na hakubakia na kitu cha kuuzisha apate pesa ya safari, isipokuwa ile bunduki. Ilikuwa ya zamani, ya baba yake, ile ya kuvuta komeo nyuma na kulisukuma mbele kwa kila risasi. Mufanyabiashara wa Goma aliiangalia, akacheka. Bunduki mupya zinafika kila mwezi, alisema. Kwa hii hangetoa hata bei ya mbuzi. Hubert akairudisha kwa ukuta, na waya ukabaki.

Kisha chui akakuja, na watu wa kilima wakawa na roho mbili. Bunduki ikiuzwa, Hubert atakwenda na maji yatarudi. Lakini ikienda, nani atalinda ndama?

Mama Verdiane aliacha kukamulia mu kiraro. Alisema ngombe zinaogopa harufu ya chui. Mapema alikuwa anazipeleka kule juu, pembeni ya pori la mianzi, anakamulia kule, kisha anashuka kumuletea Hubert maziwa yake. Hubert alimusifu mbele ya watu: ule mama analilia ndama zake, lakini maziwa haijakosa hata siku moja.

Habari ya chui ikashuka mpaka Walikale, na siku moja gari ya Bwana Benoît, muzungu wa migodi ya kule, ikapanda kilima. Benoît alikuwa na bunduki mupya nyumbani, lakini haikuwa imepiga kitu isipokuwa chupa. Hubert akamukaribisha kwa baraza, akamumiminia maziwa, akamupa bunduki aishike.

Benoît akavuta komeo. Likateleza laini kama limepakwa samuli, kisha likafunga na mulio mufupi, safi. Mbao ya kitako ilikuwa nyeusi na yenye kungaa pale ambapo shavu la baba ya Hubert lilikuwa linalala. Hata hivyo akaiweka juu ya meza. Ni nzuri, alisema, lakini imezeeka.

Karangwa alikuwa amesimama pale, kofia mu mukono. Akaomba ruhusa ya kusema.

"Bwana, bunduki mupya haina habari. Hii, chui anaijua. Akisikia tu ile komeo inafunga, anakimbia. Juzi Bwana Hubert alimukosa kidogo kabisa."

Ile siku Hubert alikuwa amepiga pipa yake mwenyewe ya maji, lakini hakusahihisha neno.

Hapo Mama Verdiane akaweka chini chombo chake cha maziwa, akapiga magoti mbele ya Hubert.

"Bwana, usiiuzishe. Ukiuzisha hii, chui atatumaliza. Bunduki zingine, yeye haziogopi."

Benoît akamwangalia ule mama, akaangalia bunduki, akaomba aishike tena. Jua lilipofika kichwani alikuwa ametoa bei yenye kupita ya bunduki mupya, na alikuwa anaogopa Hubert asigeuze mawazo. Mama Verdiane akajifunika uso na kitenge, mabega yakatetemeka.

Benoît alibaki siku kadhaa akitafuta chui. Karangwa alimuongoza kila upande, isipokuwa kwa mianzi. Kule, alisema, kuko ukungu tu. Kisha asubuhi moja akamuonyesha nyayo mupya zilizoelekea njia ya Kalembe, ile ya kushuka Walikale.

"Amesikia umenunua, Bwana. Anahamia kwenu."

Benoît alifurahi kama muntu aliyealikwa kwa arusi. Akapakia bunduki, akakimbilia Walikale.

Hubert naye akashuka Goma na masanduku yake. Administrateur alitafuta colon mwingine, muzungu wa kulima, wa kumupa kilima, maana kukirudisha kwa wenyewe hakukumuingia mu kichwa. Lakini hakuna aliyetaka kilima cha chui. Waya ukaanza kuanguka, na hakuna muntu aliyeuinua.

Siku ya Mungu, kisha ya misa, ngombe zikakunywa kwa chemchemi mpaka zikashiba. Karangwa akaketi pembeni, akatoa mu mufuko wake wa ngozi muguu wa chui uliokauka, ule ambao baba yao muwindaji aliwaachia, akauosha tope polepole. Dada yake akapanda mpaka kwa mianzi na chumvi mu kiganja, akaita, "Gaju! Sine! Bihogo!" na ndama zikatoka mbio, zimenona, moja nyuma ya ingine.