Chatu Hatoki Leo

"Chatu hatoki leo."

"Umekunywa nini, Machibya? Bila chatu nani atakuangalia? Mbuzi?"

"Nimesema hatoki."

Aloyce, mpiga ngoma wake, akatua gunia chini kwa hasira. Ndani chatu akajigeuza, akatulia. Ng'ambo ya uwanja, kundi la Enoka lilikuwa linapasha ngoma zao moto. Kila mwaka Enoka anachagua hapo hapo, uso kwa uso na Machibya.

"Anataka akuone ukilia," Aloyce alisema.

Hapa Kasansa ngoma za mavuno hazina jaji. Makundi mawili yanaanza pamoja, watu wanakimbilia wanakotaka, jioni mwenye watu wengi ndiye kashinda. Machibya ameshapigwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza alikula moto, akaungua mdomo. Wa pili alivaa gauni la mkewe, watu wakacheka, wakaondoka. Wa tatu alileta chatu. Watu wakamwangalia chatu, wakaondoka, yeye hakuna aliyemwona. Na kila mwaka, jioni, anavuka uwanja kumpa Enoka mkono. "Umecheza, kaka." Enoka anauliza, "Kweli?" Anauliza tena.

Safari hii Machibya aliapa nyumbani: akitoka uwanjani na roho ile ile ya kunyong'onyea, anauza ngoma, basi.

Akachukua jembe la babu yake la kuchezea, akaanza.

Watu walikuja, wakachungulia gunia. Walipoona halifunguliwi, wakahama. Akabaki bibi mmoja aliyekaa juu ya ndoo, naye alikuwa anamsubiri mjukuu wake.

Zamani Machibya alikuwa anacheza huku anahesabu vichwa. Leo vya kuhesabu havikuwepo. Akarusha jembe juu, likazunguka, akalidaka nyuma ya mgongo bila kuangalia. Akacheka peke yake. Akarusha tena. Miguu ikapata ile hatua ya babu, nzito, ya mtu anayelima shamba lake mwenyewe. Kumbe ilikuwepo siku zote. Aloyce naye akaacha kununa, ngoma ikakolea. Vumbi likawafunika wote wawili, na hakuna aliyejali.

Jioni uwanja mzima ulikuwa kwa Enoka. Watu wamembeba juu juu, wanazunguka naye, wanaimba jina lake. Ghafla akawaambia wamshushe. Akaanza kuvuka uwanja, mbio.

"Huyo anakuja kutucheka," Aloyce alisema. "Nifungue gunia?"

"Liache."

Enoka akafika, manyoya ya kichwani yamelala upande, jasho linamtiririka. Hakucheka. Alisimama, anahema, anasubiri mkono. Machibya alikuwa anafuta jembe kwa shati.

"Kaka," Enoka alisema kwa sauti ndogo. "Leo nilikuwaje?"

"Sijui. Nilikuwa nacheza."

"Hukuniangalia? Hata mara moja?" Nyuma yake watu walikuwa bado wanamuita. Hakugeuka. "Sasa unadhani kila mwaka nakaa mbele yako kwa ajili ya nani?"

Machibya akatupia jembe begani.

"Aloyce, kesho mapema uje na ngoma, tucheze," alisema, akageuka, akaenda zake.