Mkwe Aliyemaliza Sahani

Zama hizo sheria ya mji ilitaka kila kitu kikandwe kwa muhogo: sahani, viti, hata kuta za nyumba. Makame, aliyetoka shamba, ambako nyumba ni za mawe, hakulijua hilo siku mshenga alipomleta kumposa Riziki.

Bi Mwanakheri, bibi yake Riziki, aliwapakulia pilau. Makame akala yote, maana kubakiza ukweni ni aibu. Kisha akaivunja sahani, akaitafuna.

"Mkate wenu mtamu, Bibi."

Mshenga akainama. Riziki akanong'ona nyuma ya pazia, "Bibi, usimkatae! Nampenda!"

"Nani kakataa? Posa nimeipokea."

Mara akamwona mkwe anaunusa ukuta.

"Ila mtakaa kwao," akasema Bi Mwanakheri, "kwenye mawe."